Basi la Kundi la Pili

Saa saba na dakika arobaini mchana kitone cha basi namba saba kikaganda kwenye ramani. Renata Ochs, aliyekuwa ameikodolea macho ramani hiyo tangu alfajiri, akasema kitu ambacho hakuna mtu ndani ya trela alitaka kukisikia.

"Ardith. Delbert kaganda."

"Kaganda kivipi? Kasimama?"

"Kitone kimesimama. Yeye mwenyewe sijui."

Ardith Kolbeck akaweka kikombe cha kahawa juu ya makaratasi, kikapinduka, hata hakukitazama. Yeye ndiye mratibu wa mawasiliano ya dharura wa Kaunti ya Larkin, mwaka wa kumi na moja sasa, na siku hiyo ofisi yake ilikuwa trela lililoegeshwa katikati ya uwanja wa rodeo wa Birch Fork, ule wa mashindano ya kupanda fahali, maana jengo lenyewe walilihama jana yake moto uliposhuka mlima. Nje jua lilikuwa rangi ya karoti. Taa za barabarani zilikuwa zimejiwasha zenyewe, zinadhani jioni imeingia.

Basi namba saba ni basi la shule, lile la manjano, lakini siku hiyo halikuwa na mtoto hata mmoja. Lilikuwa na wazee kumi na tisa wa nyumba ya wazee ya Meadowlark, manesi wawili, na dereva Delbert Yoakum, miaka sitini na sita, mkata magogo mstaafu na dereva wa mabasi ya shule tangu ujana. Walikuwa wanateremka barabara ya Cutbank, mlima mkono huu, korongo mkono ule. Mbele yao maili sita kuna njia panda. Kushoto ni darajani, njia ambayo hata mlevi wa Birch Fork anaijua. Kulia ni machimbo ya kokoto, huko haendi mtu ila mwenye shida ya kokoto.

Na dakika tano tu zilizopita rubani wa ndege ya zimamoto alikuwa ametangaza kwamba daraja la Cutbank, la mbao lile, linawaka pande zote mbili.

"Mpigie," Ardith akasema.

"Nimepiga mara sita. Haiingii."

"Ujumbe je?"

"Nimetuma. Unazunguka tu, hauondoki."

"Moshi huo anakwenda mwendo gani?"

Renata akapiga hesabu kwa vidole. "Maili kumi na tano kwa saa, akijitahidi. Dakika ishirini na nne, bosi. Saa nane na dakika nne anakunja kushoto, na akishaingia kile kipande cha daraja hakuna pa kugeuzia basi."

Redio za zamani zisingesaidia, kituo chao cha mlimani kiliungua usiku. Kilichobaki ni Mtandao wa Dharura, ule wa nchi nzima, polisi na zimamoto na ambulansi kutoka bahari hadi bahari wanatumia huo huo mmoja. Na kwa upande wote ule wa Larkin, mtandao huo ulikuwa umebakiza mnara mmoja tu, wa Mlima Pilot. Waya wa mnara ulishaungua, kwa hiyo sasa ulikuwa unapumua kwa dishi la setilaiti. Koo la mnara mzima limekuwa jembamba kama mrija wa soda, halafu kaunti nzima inataka kunywa.

Hapo ndipo mambo ya zamu, nani aongee kwanza nani asubiri, yanapoingia. Kundi la Kwanza halitolewi kwenye mtandao hata iweje. Kundi la Pili likikuta msongamano, linasukumwa nje. Wakubwa wa makao makuu waliandika hivyo, halafu wakaziachia kaunti ziamue zenyewe nani akae wapi, na kila idara ikapewa ufunguo wake wa kuwapandisha au kuwashusha watu wake. Larkin wakaongeza desturi yao wenyewe, haijaandikwa popote lakini kila mtu anaifuata: hugusi ufunguo wa mwenzio.

Ardith akafungua skrini ya mnara. Vifaa vya Kundi la Kwanza: mia moja kumi na nane. Mnara mmoja. Mrija mmoja.

"Mungu wangu. Wamepandisha wote."

"Sherifu alipandisha watu wake saa moja asubuhi," Renata akasema. "Vern wa zimamoto alipoona hivyo na yeye akapandisha wake. Ambulansi nao wakaona watabaki nyuma. Wewe ulikuwa unahamisha majenereta."

"Na Delbert yuko Kundi la Pili."

Renata alilijua hilo. Alikuwepo kwenye kikao cha kamati cha Februari, alikuwa anaandika kumbukumbu. Watu wa mabasi ya shule walikuja kuomba Kundi la Kwanza. Delbert ndiye aliyezungumza, amekuja na boksi la donati, kavaa lile koti lake la kuwindia la rangi ya chungwa. Alisema kukiwa na moto ni nani mnadhani atawabeba watu, farasi? Wakacheka. Sherifu Clyde Haugen akasema basi la shule ni basi la shule, leo tukiingiza mabasi kesho tutaingiza gari la aiskrimu. Kura zikafungana mbili kwa mbili. Ya tano ilikuwa ya Ardith, na Ardith alikuwa anamhitaji sherifu asaini mkataba wa mtandao kabla ya mwezi kwisha. Akapiga kura ya Kundi la Pili. Tena kwa mkono wake akaandika kifungu kwamba Kundi la Pili halipandishwi mpaka kamati ikae, watu watano, mezani. Delbert hata hakununa. Alimwachia donati iliyobaki, ile ya mdalasini, akamwambia, "Usijali, binti. Nimekubeba kwenda shule miaka kumi na miwili ukiwa na matope kwenye viatu, sijawahi kukudai."

Kamati ilikuwa imepangiwa kukaa Septemba.

Ardith akapiga dawati la taifa la mtandao. Akapokea mwanamume anaitwa Lamar, sauti imetulia kama ya mtu anayesoma kijitabu cha dawa.

"Nina basi la wazee linakwenda kwenye daraja linalowaka," Ardith akasema. "Nataka kifaa kimoja tu kipande Kundi la Kwanza. Kimoja, kaka yangu. Nikupe namba?"

"Nakiona, mama. Kimesajiliwa Kundi la Pili kwa uamuzi wa kaunti yenu."

"Najua ni uamuzi wa nani! Wewe kipandishe tu."

"Sina uwezo huo. Namaanisha sina kitufe. Sisi huku hatuamui kwamba mtu wa zimamoto ni muhimu kuliko polisi wa Larkin au basi la Larkin. Mlitaka wenyewe iwe hivyo, kaunti zote mlitaka. Mwenye ufunguo wa idara yoyote hapo akishusha watu wake, nafasi inapatikana. Kwenye skrini yangu zimamoto wana vifaa arobaini na mbili."

"Asante," akasema, akakata. Baadaye sana alikumbuka kwamba yule bwana alikuwa bado anaongea.

Saa saba na dakika arobaini na tisa. Akampata Vern Stadtler, mkuu wa zimamoto, kwa mlio mmoja tu. Ndilo Kundi la Kwanza hilo, unasikika kama mtu yuko chumba cha pili.

"Vern, nataka uwashushe watu wako wote. Delbert yuko Cutbank na wazee, hajui kama daraja limekwisha."

 Nyuma ya Vern misumeno ya injini inalia.

"Wangu wako juu ya ukingo, Ardith. Wanaangalia ramani ya upepo humo humo kwenye tableti."

"Najua."

"Tuna vile viredio vya mkononi, vinafika nusu maili. Nitawarudisha kwenye eneo lililokwisha kuungua, wakae huko wasione kitu. Dakika ishirini, Ardith. Zaidi ya hapo sikupi. Ufunguo wetu anao Renata hapo kwenye trela, mwambie abonyeze."

Renata akabonyeza. Vifaa arobaini na mbili vikashuka kwa mpigo. Wote wawili wakainamia skrini, wakangoja kitone kicheze, ujumbe uondoke.

Dakika nzima ikapita. Kitone kimelala pale pale.

"Haiwezekani," Renata akasema. "Tumetoa arobaini na mbili. Nafasi imekwenda wapi?"

Ardith akatoka mbio.

Hema la sherifu lilikuwa upande wa pili wa uwanja, mita mia mbili kupita mazizi ya fahali. Alikimbia na viatu vya ofisini kwenye vumbi la kinyesi cha farasi, majivu yanamwangukia nywele kama unga. Ndani ya hema Naibu Troy Mackle, mnene, mstaarabu, sharubu zake nyekundu, alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa televisheni, picha kumi na nane.

"Dada Ardith! Sijui umefanya nini huko kwako, lakini Mungu akubariki. Angalia picha zilivyong'aa! Dakika moja iliyopita zilikuwa kama uji, sasa hivi naweza kusoma namba ya gari."

Ardith akazitazama. Picha moja ni ya droni, moto wenyewe. Tatu ni za magari yaliyoko kwenye vizuizi vya barabara. Zile nyingine kumi na nne zilikuwa zinaonyesha ukuta wa zizi. Trela la farasi. Bango la mashindano ya kula pai. Tairi. Zilikuwa kamera za magari ya polisi yaliyoegeshwa nje hapo hapo, hatua thelathini kutoka mahali aliposimama, yanaunguruma bila dereva ili vipoza hewa visizime. Na kila moja ilikuwa imeramba nafasi iliyoachwa na watu wa Vern, ikaongeza ung'avu wa tairi.

Ndiyo hiyo. Video haishibi. Ukiipa kijiko inakula kijiko, ukiipa sufuria inakula sufuria. Watu arobaini na mbili wako mlimani gizani ili tairi lionekane vizuri.

"Troy, shusha watu wako."

"Watu wangu?"

"Kundi lote. Delbert Yoakum ana wazee kumi na tisa, anakwenda darajani, daraja linawaka, na hapati ujumbe kwa sababu wewe unaangalia tairi!"

Mackle akageukia ukuta wake, akarudi kwa Ardith, sharubu zinacheza. "Siwezi bila ruhusa ya afande. Mwaka jana kwenye mafuriko walitushusha, vijana wetu wawili wakakaa juu ya paa kwa muda wa saa sita, simu zimekufa. Mmoja ni mdogo wangu. Usiniambie nishushe hivi hivi."

"Basi mpigie afande wako!"

Akampigia, akaweka spika. Sherifu Haugen akaingia mara moja, anahema.

"Sema haraka."

Ardith akasema haraka.

"Ardith, nisikilize," sherifu akasema. "Ufunguo wangu hauchagui. Nikishusha mmoja nimeshusha wote. Nina naibu yuko ndani ya nyumba za Elk Lane anatoa watu, moshi umemziba, namwongoza kwa ramani mlango kwa mlango. Nikimpoteza sasa hivi huyo kafa. Unataka nimuue huyo niokoe yule?"

"Na kamera za magari yaliyoegeshwa huku, Clyde? Kumi na nne?"

"Kamera gani?"

Mackle akafumba macho.

"Kamera gani, Troy?" sauti ikauliza tena, halafu nyuma yake mtu akapiga kelele, kioo kikavunjika, na sherifu akasema, "Sina muda, fanyeni mnachojua," akakata.

Saa saba na dakika hamsini na saba.

"Zinazimwaje?" Ardith akauliza. "Hizo kamera. Zinazimwaje?"

"Kwa mfumo, lazima nijaze ombi kwa…" Mackle akageukia mlango wa hema.  "Zinakufa gari likizimwa. Ukizungusha ufunguo tu zinakufa."

 Walitoka pamoja, wakagongana mlangoni mwa hema, Ardith akashika safu ya kushoto, Mackle safu ya kulia. Fungua mlango, zungusha, toa, tupa chini. Gari la pili. Gari la tatu limefungwa na ufunguo uko ndani, Ardith akaokota jiwe lililokuwa linazuia tairi la trela, akapasua kioo, king'ora cha gari kikaanza kulia. Akaingiza mkono, kioo kikamchana kutoka kifundo mpaka kiwiko, akazima. La nne. La tano lilikuwa na mbwa wa polisi, akamrukia dirishani meno yote nje.

"Huyo niachie mimi!" Mackle akapiga kelele. "Biskuti! Kaa! Kaa chini, mwanangu!"

Likazimika na hilo. La sita. La saba. Mackle alikuwa anahema kama punda wa mlimani, shati limetoka nje, anahesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili, lile la mwisho liko kule kwenye choo, dada, mimi siwezi kukimbia tena, nenda wewe. Ardith akaenda.

Simu ikalia mfukoni kabla hajatoa mkono kwenye ufunguo wa kumi na nne.

"Umeondoka!" Renata alikuwa analia kabisa. "Ujumbe umeondoka, ameusoma, kitone kinatembea! Nakuunganisha."

"Kiko wapi?"

"Ardith…"

"Kiko wapi, Renata?"

"Ameshapita njia panda. Kushoto. Kama yadi mia nne."

Kisha sauti ya Delbert, na nyuma yake injini, na nyuma yake sauti za wazee, mmoja anakohoa bila kupumzika.

"Binti, nimesoma ujumbe wako sasa hivi. Huku mbele kweupe kote, sioni hata boneti. Unaniambia hakuna daraja?"

"Hakuna daraja, Delbert. Simama."

"Nimesimama. Kugeuza hakuna pa kugeuzia."

"Utarudi kinyumenyume. Yadi mia nne, halafu machimboni. Renata anakiona kitone chako, mimi nitakusemesha."

"Kinyumenyume." Akacheka, kicheko kikavu. "Futi arobaini za basi, kwa moshi huu, na korongo. Nesi! Nenda dirisha la nyuma, dada, uwe unapiga kelele ukiona shimo. Haya, sema."

Basi akasema. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi la gari la polisi, damu inamchuruzika kwenye simu, sikio moja Renata, sikio jingine Delbert. Renata anasema kitone kinaelekea korongoni, Ardith anasema kata kulia kwako kidogo. Kitone kinachelewa sekunde tatu nyuma ya basi, kwa hiyo kila neno analosema lilishapitwa. Mara mbili nesi alipiga ukelele na Delbert akakanyaga breki mpaka vitu vikaanguka ndani. Yadi mia tatu. Mia mbili. Sauti ya kikohozi ilikuwa bado ipo. Kisha kulikuwa na sauti nyingine, kama mvua ya mawe, Delbert akasema ni makaa yanapiga bati.

"Mitungi ya oksijeni," Ardith akasema. "Wangapi wanatumia?"

"Watatu. Nesi anaihamishahamisha. Usiniulize hayo sasa hivi. Sema njia."

Mackle alikuja akachuchumaa karibu yake, akaufunga mkono wake kwa shati lake mwenyewe. Kwenye simu nyingine alikuwa anamwambia Vern kwamba Renata kawarudisha watu wake hewani, warudi kwenye ramani, asante, mkuu, asante sana.

Iliwachukua dakika kumi na tisa. Kwa mguu ungetembea kwa tano.

"Njia panda," Renata akasema. "Amefika njia panda. Mwambie aende mbele kulia."

Delbert akaenda mbele kulia. Gia ikalia, injini ikapanda, na ghafla ile mvua ya mawe ikapungua, kisha ikakoma. Machimbo ya kokoto hayana jani hata moja, hakuna cha kuungua humo, ni shimo la mawe matupu kama uwanja wa mpira. Ardith akasikia breki ya mkono ikivutwa. Akasikia mtu anamshukuru Mungu, na mwanamke mzee anauliza kwa hasira kwa nini hawajafika na chakula cha mchana kiko wapi.

"Tumefika," Delbert akasema. "Moto umepanda pande zote juu yetu, lakini huku chini hauna cha kula. Tukae ndani ya basi?"

"Kaeni ndani. Madirisha juu. Watu wa Vern watakuja moto ukipita."

"Sawa."

"Hesabu, Delbert."

"Nini?"

"Nihesabie wazee."

Hakuwa na haja ya kuuliza, lakini kile kikohozi hakikuwepo tena, na yeye hakujua kilikoma saa ngapi, kwenye yadi ya mia mbili au ya hamsini. Akasikia viatu vya Delbert vikitembea kwenye njia ya katikati ya basi, polepole, anagusa kila kiti. Moja. Mbili. Anawaita majina, wao wanaitika, mmoja akamtukana. Tisa. Kumi. Nesi alikuwa anasema kitu kwa sauti ya chini. Kumi na saba. Kumi na nane.

Viatu vikasimama.

"Delbert."

"Kumi na nane."

"Hesabu tena."

"Ni Bibi Prather," akasema. "Imogene. Yule aliyekuwa anafundisha kinanda. Nesi anasema mtungi wake uliisha wakati tunarudi nyuma, wakampa wa mwenzake kwa zamu, haukutosha." Akashusha sauti. "Yuko kwenye kiti cha tatu. Mumewe kakaa hapa pembeni yake, kamshika mkono. Bado hatujamwambia. Nadhani anajua."

Ardith akafungua mdomo. Alitaka kusema Februari. Alitaka kusema kura ilikuwa yangu, na kifungu nilikiandika mimi, na wewe ulikuja na donati. 

"Binti, upo?"

"Nipo."

"Usikate simu."

"Sikati."

"Maana ukikata sijui kama itaingia tena."

"Haitakatika, Delbert. Hapa hakuna atakayewasha kitu."

Kutoka upande wa mazizi naibu mmoja alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi, anafoka nani kamvunjia kioo, nani kazima gari na mbwa wake ndani. Mackle akasimama, kifua wazi bila shati, akamwendea, akamshika bega, akamgeuza. Ardith hakuinua kichwa. Simu aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, na ng'ambo ya pili, kwenye shimo la kokoto, mzee mmoja alikuwa anamuuliza mkewe kama anasikia baridi.